Nyumba Yenye Bitana

Mlango wangu na mlango wa Hadija Mukashema ilitazamana, na katikati ulipita mtaro wa maji ambao sisi watu wa mtaa wa Gitega tunauita ruhurura. Kila asubuhi mimi nilikaanga maandazi, yeye aliketi kwenye cherehani yake, tukatukanana kidogo kabla wateja hawajaja. Alisema maandazi yangu yanaweza kumvunja mbwa meno. Mimi nilisema magauni yake yanawafaa wanawake wasiopumua. Tulipendana hivyo, na ndiyo maana habari zake nazisimulia mimi, Mama Shabani, kabla hazijasimuliwa na mtu mwingine akaziharibu.

Alikuwa mjane. Mumewe, dereva wa lori, alifia njiani upande wa Rusumo, akamwachia binti mmoja, Umulisa, na nyumba ya vyumba viwili ya miti na udongo. Nyumba hiyo ndiyo ilikuwa duka lake, kitanda chake na jina lake mtaani. Na Mukashema alikuwa mtu wa wasiwasi tangu tumboni mwa mama yake. Akifunga mlango alirudi kuusukuma. Akizima jiko alirudi kuligusa. Mvua za masika za mwaka wa tisini zilipoanza, wasiwasi wake ukapata kazi ya kudumu: ukuta wa nyuma, ule wa upande wa mteremko, ulianza kuinama kuelekea nje.

Akamwita Twizeyimana, fundi mwashi wa mtaani kwetu, mtu mpole mwenye vidole kama mizizi ya muhogo. Twizeyimana aligonga mti mmoja wa ukuta kwa kidole, unga ukamwagika. Akagonga wa pili, unga vilevile.

"Mchwa wamekula yote, mama," akasema. "Ukiweka miti mingine, watakula na hiyo. Hapa iko dawa moja tu, tofali."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahenga hawakuwahi kwenda ofisi ya mipango ya mji. Kwetu Gitega ulikatazwa kujenga ukuta, na hata ufa uliruhusiwa kuuziba kwa udongo tu. Sehemu yetu haikuwa imepimwa. Mtu aliruhusiwa kurekebisha nyumba yake kwa miti na udongo kama ilivyokuwa, basi. Kwa tofali ulihitaji kibali cha kujenga, kibali kilihitaji kiwanja kilichopimwa, na viwanja vilivyopimwa vilikuwa huko Remera kwa watu wenye magari. Aliyejenga kwa tofali bila kibali alipakwa msalaba mwekundu ukutani, na nyuma ya msalaba walikuja vibarua wenye sururu. Tuliyaona kwa jirani mmoja wa chini ya mtaro. Chumba chake kipya cha tofali kilivunjwa hata rangi ya madirisha haijakauka.

Kwa hiyo Mukashema alitaka kufanya mambo kwa haki. Tulikwenda ofisini pamoja, naye amevaa gauni lake la Idi. Mkaguzi wa eneo letu aliitwa Évode, kijana mwembamba mwenye tai na futi ya chuma mfukoni. Alitupa viti. Akatandika ramani mezani, akaipangusa kwa kiganja, akaonyesha kwa ncha ya kalamu.

"Mama, angalia hapa. Hii mstari iko barabara. Na nyumba yako iko hapa." Kalamu haikusogea. "Barabara inapita ndani ya chumba cha kulala."

"Itakuja lini?" Mukashema akauliza.

"Iko kwa mpango."

"Mpango wa lini, shefu?"

Évode akakuna shingo. "Mimi nilipofika hapa niliikuta imechorwa."

"Ikija mwambie ibishe hodi," nikasema mimi, "kuna mwanamke amelala humo."

Alicheka, maskini. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi. Mtu mbaya unamtukana, unarudi nyumbani umepona. Huyu alitusindikiza mpaka mlangoni, akamwambia Mukashema kwa sauti ya chini kwamba angekuwa yeye asingelala chumba kile mvua zikinyesha. Kibali akakataa. Tulirudi tena, akakataa tena, na mara ya mwisho alikataa huku akitazama viatu vyake.

Ni Twizeyimana aliyeleta ile njia. Haikuwa ngeni Gitega, ila watu hawakuitaja kwa sauti. Ukuta wa zamani unaachwa ulivyo, umechakaa, umeinama, mkaguzi anaupita na kuuonea huruma. Ndani yake unainua ukuta wa tofali kidogo kidogo, ukiacha nafasi ya kiganja kutoka ule wa udongo ili siku ukianguka usiuvute, mpaka ufike kwenye bati. Siku tofali zikiweza kubeba paa, unaiachia mvua imalize kazi. Udongo unaanguka wenyewe, na nyumba imesimama. Nyumba iliyokwisha kuezekwa na yenye watu ndani ilikuwa kesi ndefu, na ofisi haikupenda kesi ndefu.

Mukashema alisikiliza huku akipapasa pindo la koti la mteja. Akaligeuza, akatazama ndani.

"Bitana," akasema. "Unataka niitie nyumba bitana."

Na kwa mara ya kwanza tangu masika nikamwona anatabasamu, kwa sababu sasa jambo lilikuwa limeingia kwenye kazi anayoijua.

Tulianza kiangazi, mvua zilipokatika. Tofali zilitoka kwa wachomaji wa bonde la Nyabugogo, na tulizipandisha kilimani kichwani, zimefungwa ndani ya vitambaa kama nguo za wateja. Wallahi shingo yangu haijanisamehe. Siri yote ilikuwa kutembea kama umebeba pamba, mkono mmoja unapunga, unasalimia watu, unauliza habari za watoto, huku uti wa mgongo unalia. Watu walimpongeza Mukashema kwa wingi wa kazi. Yeye aliitikia, "Alhamdulillahi," na kila alipopongezwa alikosa usingizi. Atafikiriwa ana pesa, atarogwa, ataibiwa. Nilimwambia aihofie shingo yake kwanza.

Twizeyimana alifanya kazi mchana, polepole, kwa tope badala ya saruji, bila kelele, cherehani ikilia chumba cha mbele. Mpaka mwezi wa tisa, mji ulipokuwa unasafishwa kwa ajili ya mgeni mkubwa wa Wakristo, Baba Mtakatifu wao, na wakaguzi wote wako barabara kuu wakihimiza watu wapake chokaa, bitana ilikuwa imefika kifuani pande zote na nyuma imefika kichwani.

Lakini kuna jambo ambalo Mukashema, fundi wa miaka mingi, alilisahau. Bitana ina unene. Koti la bitana hukatwa pana zaidi tangu mwanzo, la sivyo mwenye koti hapumui. Nyumba haikukatwa pana. Vyumba vilianza kubana. Kitanda kilikatwa miguu ya upande mmoja, kikaegemea tofali. Umulisa alilala amejikunja. Meza ya kukatia ilihamia karibu na mlango, na wateja waliojaribu nguo walisimama mguu mmoja ndani mmoja nje.

Mmoja wao alikuwa Spéciose, mke wa Nsengiyumva. Nsengiyumva ndiye aliyekuwa mkuu wa mtaa wetu mdogo. Kazi yake ilikuwa kutangaza kazi za pamoja za Jumamosi na kuangalia nani hakuleta jembe. Spéciose alikuja kujaribu gauni la kwendea harusi, akainua mikono ili Mukashema apime kwapa, kiwiko chake kikagonga ukuta.

"Yewe Mukashema, chumba chako kimepungua?" akasema, akacheka mpaka akakaa chini. "Au mimi ndiye nimeongezeka?"

Mukashema akasema amenenepa, gauni lipanuliwe. Spéciose akaenda zake anacheka. Nyumbani alimsimulia mumewe kichekesho hicho, kama mke yeyote anavyosimulia. Sina kinyongo naye kwa hilo.

Kisha Oktoba ikaingia na vita. Kwanza vilikuwa redioni, mbali, mpakani na Uganda. Halafu usiku mmoja risasi zililia mjini mpaka alfajiri, na kulipokucha tulikuwa mji mwingine. Watu walichukuliwa majumbani na kupelekwa uwanja wa mpira, wakalala kwenye nyasi bila mtu kujua watarudi lini. Neno lililotembea midomoni lilikuwa icyitso, yaani msaidizi wa adui. Lilitosha neno hilo moja. Na vitambulisho vyetu wakati ule viliandikwa kabila la mtu, na cha Mukashema kilikuwa na lile ambalo mwaka huo mtu hakutaka askari alisome mara mbili.

Vita vilimfanya Nsengiyumva kuwa mtu mkubwa. Mtu aliyekuwa akihesabu majembe sasa alitembea na jandarme, wale askari polisi wa serikali, akiwaonyesha nyumba. Asubuhi moja alisimama mlangoni kwangu, akachukua andazi bila kuuliza bei, akatafuna akitazama ng'ambo ya mtaro.

"Mama Shabani," akasema, "ile nyumba inje iko kubwa, ndani iko kadogo. Katikati iko nini?"

"Katikati iko umaskini," nikasema.

Hakucheka. "Na mizigo ile yote ya kichwa, mizito vile? Nguo gani zinapinda shingo ya mutu?" Akafuta mafuta ya midomo kwa mgongo wa mkono. "Kesho majandarme wanafika huku kwetu."

Mafuta yangu yaliungua kwenye karai, sikuyaona. Alipopinda kona nilivuka mtaro mbio, nikamwambia Mukashema yote.

Nilitegemea alie. Yeye aliyekuwa akirudi kusukuma mlango uliofungwa, nilidhani atazimia. Aliketi tu kwenye kiti cha cherehani, akaweka mikono juu ya kitambaa. Umulisa alisimama nyuma yake, ameshika bega la mama yake.

"Tuvunje leo," Umulisa akasema. "Tuvunje, tutupe mtaroni."

"Kwa vumbi lile? Mtaa mzima utasema tunaficha ushahidi."

"Basi tuondoke, mama."

"Tupite wapi? Vizuizi viko kila njia. Na anayekimbia amekwisha kujihukumu."

"Wafungulie waone ni tofali," nikasema mimi.

Mukashema akanitazama. "Mama Shabani, wataona mahali pa kuficha. Siku hizi mahali pa kuficha patupu panatosha. Watasema bunduki zilikuwepo jana."

Alikuwa na haki. Wale waliochukuliwa mtaa wa juu hawakukutwa na kitu chochote. Niliogopa, nasema wazi, nikatamani nisingeujua ule ukuta, nikatamani nyumba yangu ingekuwa upande mwingine wa mji.

Mukashema akasimama, akajifunga mtandio. "Mficha uchi hazai," akasema. "Nakwenda kwa Évode."

Nilidhani amerukwa na akili. Kwenda mwenyewe kwa mkaguzi! Lakini singeweza kumwacha apite kizuizini peke yake. Nikaacha karai, nikamfuata.

Kizuizi kilikuwa panapoanza barabara ya lami. Askari alishika kitambulisho chake, akakisoma, akamtazama, akakisoma tena. Mukashema alikuwa na futi yake ya kitambaa shingoni, alisahau kuivua kama anavyosahau kila siku. Askari akaivuta kidogo.

"Hii ya nini?"

"Iko ya kupima nguo, shefu. Mimi mushonaji."

"Unashona suruari?"

"Hata sasa hivi nikupime."

Askari alifikiri kidogo, akaona haya, akamrudishia kitambulisho. Tulikwenda mpaka ofisini.

Ofisi ilikuwa nusu tupu. Meza tatu hazikuwa na watu na hakuna aliyesema wako wapi. Évode alikuwa peke yake na ramani zake, tai imelegea, macho mekundu.

"Shefu, nimejenga," Mukashema akasema kabla hajakaribishwa. "Ukuta wa tofali, ndani ya ule wa udongo, nyumba yote. Nimekuja uniandike."

Évode aliinuka akafunga mlango. "Mama, usiseme hivyo hapa. Ukiniambia rasmi siwezi kusema sikusikia. Nitaweka alama nyekundu. Itavunjwa."

"Weka."

"Mwaka mzima unaniomba ujenge, leo unaniomba nikuvunjie?"

Mukashema akamweleza habari za Nsengiyumva, na jandarme, na lile swali la katikati kuna nini. Halafu akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo:

"Shefu, nyumba ikiwa na alama yako, ni kosa la tofali. Bila alama yako, ni kosa la bunduki. Mimi naomba kosa la tofali."

Évode aliketi. Nilimwona anatazama meza zile tupu, moja baada ya nyingine, na nikajua anahesabu kama yeye ndiye atakayefuata. Kwenda Gitega siku ile, kusimama kando ya mwanamke aliyeshukiwa, ilikuwa kujiandikisha pamoja naye. Nilitaka kumtukana ili aamke, lakini nilimwonea huruma. Kisha akainama chini ya meza akatoa kopo la rangi nyekundu na brashi iliyokakamaa.

"Itabidi tuende leo," akasema. "Kesho alama itakuwa imechelewa."

Nsengiyumva alisema kesho. Lakini tulipopinda kona ya mtaani kwetu, jandarme walikuwa wamekwisha kufika. Watatu, pamoja na kaporali wao, na Nsengiyumva amesimama mbele kama bwana harusi. Umulisa alikuwa nje ameweka mikono kichwani. Vitambaa vya wateja vilikuwa vimetupwa matopeni. Nilimshika Mukashema kiuno.

Évode akatupita. Akaenda moja kwa moja, kopo mkononi, na badala ya kuwasalimia jandarme akageuka akamfokea Mukashema, sauti ya ofisi, nusu Kifaransa nusu Kiswahili.

"Ni wewe tena! Nilikukataza, sikukukataza? Nilisema miti na udongo! Mara ngapi umekuja mezani kwangu? Unadhani mji huu ni shamba la baba yako?"

Sijawahi kufurahi kiasi kile kusikia mtu akitukanwa. Alimtukana vizuri, kama mtu aliyeudhika tangu masika, mpaka kaporali mwenyewe akashusha bunduki kidogo asikilize.

"Wewe nani?" kaporali akauliza.

"Mipango ya mji. Huyu mama iko na kosa kwetu. Amejenga tofali bila kibali, ndani ya nyumba, akifikiri sisi vipofu." Akatoa futi yake ya chuma. Akapima nje, akataja kipimo kwa sauti. Akaingia akapima ndani, akataja. "Tofauti iko tofali na nafasi ya mkono. Hakuna kingine."

"Hiyo nafasi ndiyo ninasema!" Nsengiyumva akadakia. "Nafasi ya nini?"

Kaporali akamtazama Évode. "Kwa nini mutu afiche tofali?"

Évode alirudisha futi yake mfukoni. Angeweza kusema wanawake wa huku ni wakorofi, ikaisha.

"Kwa sababu mimi nilimnyima ruhusa," akasema. "Alikuja akaomba. Nyumba yake inaanguka. Nikamnyima."

Kaporali akatema mate. "Basi avunje. Yote. Nione mpaka chini."

Mukashema alichukua jembe mwenyewe. Hakukubali Umulisa aliguse, wala mimi. Alianzia ukuta wa kushoto, tope halikuwa limeshika sana, tofali zikaanza kuporomoka na vumbi likajaa mlango. Zile tulizozipandisha kilimani tukipunga mkono. Alivunja na machozi yakichora njia kwenye vumbi la uso wake, bila kutoa sauti. Jandarme mmoja aliingiza fimbo ya chuma kwenye nafasi kila tofali zilipopungua.

Alipofika nyuma ya mahali pa cherehani, kitu cha chuma kiling'aa katika ile nafasi.

Kaporali akakoki bunduki, kidole kwenye kifyatulio. Nilisikia mlio ule, na nilimsikia Umulisa akisema "Mama" kwa sauti ndogo sana. Nsengiyumva alirudi nyuma hatua. Évode alifumba macho. Mimi nilianza shahada.

"Toa," kaporali akasema. "Polepole."

Mukashema akaingiza mkono, akapapasa, akatoa mkasi. Mkasi wake mkubwa wa kukatia, uliopotea tangu mwezi wa nane, ule aliodai mbele ya mtaa mzima kwamba nimeuiba mimi. Aliuinua juu, akanitazama.

"Mama Shabani," akasema, "nisamehe."

Jandarme kijana alicheka kwanza. Halafu kaporali naye, kwa pua tu, akaondoa kidole. Mimi nililia na kucheka pamoja, sikujua ni kipi kimetangulia. Nilimwambia Mukashema ataniomba radhi vizuri, kwa gauni, na la kitambaa kizuri.

Alivunja mpaka tofali ya mwisho. Na bitana ilipoisha, ule ukuta wa nyuma, uliokuwa umeegemezwa na Mungu tu kwa miezi yote ile, ulitoa sauti kama mtu anayeketi baada ya kazi, ukaangukia mteremkoni, na kuta za pembeni zikaufuata. Bati likaning'inia. Tuliona ng'ambo kupitia chumba cha kulala. Ukuta wa mbele tu ndio ulibaki umesimama na mlango wake.

Jandarme walikung'uta vumbi, wakaenda nyumba nyingine. Évode alipaka msalaba mwekundu kwenye ule ukuta wa mbele, kwa sababu Nsengiyumva alikuwa bado anatazama. Brashi ilikuwa ngumu, msalaba ukawa mbaya. Alipomaliza akasema bila kugeuka, "Samahani, mama." Mukashema akamwambia, "Mungu akuweke." Nilimpa maandazi ya baridi ndani ya gazeti, akaondoka akitembea haraka upande wa mjini.

Siku ile ile Mukashema alihamishia cherehani mlangoni kwangu. Umulisa alifagia vumbi, akavua bati lililobaki. Nilidhani Mukashema atalala, hata mimi nilitaka kulala. Lakini alirudi kwenye kifusi, akaanza kupanga tofali nzima.

"Ngoja nikupe kitambaa," nikasema.

"Sitaki kitambaa."

Akaweka tofali tatu kichwani, wazi, nyekundu, kila mtu azione, akaanza kutembea. Njia ya kuja kwangu ilikuwa fupi, kidaraja cha mbao tu. Yeye hakupita kidarajani. Alizunguka mtaa wote, mlango kwa mlango, akamsalimia kwa jina kila aliyesimama nje na kumwambia kwa sauti, "Tofali." Kwa muuza mkaa, "Tofali." Kwa Spéciose, aliyekuwa ameziba mdomo kwa kanga, "Tofali, dada. Gauni lako litakuwa tayari keshokutwa." Nikabeba na mimi, nikamfuata. Kusema nilimwachia yeye, kwa niaba ya wote wawili.

Nsengiyumva alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya nyumba yake. Mukashema alisimama mbele yake, akashusha tofali moja kutoka kichwani, akamwekea mikononi.

"Pima, mzee," akamwambia kwa adabu. "Angalia pande zote."

Nsengiyumva alikuwa ameishika kabla hajafikiri. Akatazama kulia, akatazama kushoto, watu wote wamesimama milangoni. Hakujua aiweke wapi. Sisi tuliendelea na safari yetu, tukatua mizigo kwangu, tukarudi kuchukua mingine, na tulipopita tena alikuwa bado ameishika.